Naishi Bafuni: Miaka Minne Yangu Katika Mji wa Bath

Mama yangu mkubwa, pale Ngamiani, Tanga, huwaambia majirani kwamba mwanawe anaishi bafuni Ulaya. Hakosei sana. Mji wetu unaitwa Bath, na jina lenyewe kwa Kiingereza ni hilo hilo, bafu. Uko kusini-magharibi mwa Uingereza, kama dakika 90 kwa treni kutoka London, na dakika 12 hivi kutoka Bristol. Mke wangu ni muuguzi. Yeye ndiye aliyeitwa kazini huku, mimi nikaja kama begi lake, kisha nikapata leseni ya kuendesha basi. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayeuzunguka mji siku tano akiwa kwenye usukani, na siku mbili kwa miguu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila baada ya miezi michache kuna muuguzi, wa Mombasa au wa Dar, anayepata barua ya kazi huku, namba yangu inamfikia, na swali ni lile lile: kaka, huo mji wa maji ya moto unakalika? Jibu fupi: unakalika, na utaupenda, ila usitie saini ya nyumba kabla hujaipapasa kuta kwa kiganja chako mwenyewe. Jibu refu ndilo hili.

Tuanze na maji, maana bila hayo hapa pangekuwa na kondoo tu. Chini ya mji kuna chemchemi tatu. Iliyo kubwa, wanayoiita ya Mfalme, hutoa zaidi ya lita milioni 1 kwa siku, yenye joto la nyuzi 46 hivi, na hakuna mtu aliyekoka moto. Wataalamu wa miamba wanasema ni mvua iliyonyesha zamani mno kwenye vilima vya Mendip, ikazama zaidi ya kilomita 2 ardhini, ikapata joto huko, halafu ikapanda kwa kupenya nyufa za mwamba. Mtu wa Tanga hashtuki. Sisi tuna Amboni, yale maji ya Galanos yanayonuka kibiriti, ambayo wazee huyaendea kwa upele na viungo vinavyouma. Tofauti ni kwamba ya kwetu yapo tu yalipo, na ya huku yamejengewa mji juu yake mara mbili: kwanza na Warumi, waliopaita Aquae Sulis, kisha na matajiri wa karne ya 18 waliokuja kujitibu gauti mchana na kucheza kamari usiku.

Mkazi ana faida moja ambayo sikuambiwa mpaka mwezi wa tano wa kukaa kwangu hapa. Mgeni analipa zaidi ya pauni 20 kuingia kwenye Mabafu ya Kirumi. Mimi naingia bure kwa kadi ya wakazi, Discovery Card, na naingia kama mtu anayepita sokoni. Nikimaliza zamu mapema nakaa nusu saa pembeni ya lile bafu kubwa na kuondoka. Mtalii hawezi, kalipa, lazima atazame kila kitu, akitoka amechoka. Wakati mzuri ni jioni ya Januari au Februari, kiza kimeshaingia saa kumi na moja, mvuke unafuka juu ya maji na huoni upande wa pili. Ukienda Agosti utaona visogo vya watu.

Ndani mle kuna kabati la kioo ambalo mimi ningelilipia hata hiyo pauni 20. Lina vipande vyembamba vya risasi, vilivyoandikwa kwa ncha ya chuma na kukunjwa. Vimeokotwa kama 130 kwenye chemchemi. Siku ya kwanza nilisoma maelezo ya kimoja, nikacheka peke yangu hadi mlinzi akanitazama. Bwana mmoja, Docimedis, kaibiwa glavu zake mbili, na anamwomba mungu wa kike wa chemchemi, Sulis Minerva, mwizi apoteze akili na macho yake mle mle hekaluni. Vingine vinataja joho, au nguo ya kuogea. Na kwa kuwa mwizi hajulikani, mwandishi anaziba kila mwanya: awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au muungwana. Halafu risasi inakunjwa na kutupwa majini, mungu asome mwenyewe.

Jamani, hii si albadiri? Nimekulia mtaa ambao baiskeli ikipotea usiku, asubuhi inatangazwa kwamba Ijumaa kisomo kitasomwa, na mara nyingi baiskeli hujirudisha yenyewe Alhamisi. Nilimpigia mama mkubwa nikiwa bado mle ndani. Aliuliza jambo moja tu: “Na zile glavu zilirudi?” Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku hiyo Warumi walinitoka kwenye vitabu vya historia wakawa majirani, watu wanaooga huku jicho moja liko kwenye nguo zao.

Kwenye mabafu hayo huogi, usije na taulo. Maji yake ni ya kijani kwa sababu paa halipo siku hizi na jua linaotesha mwani. Tena kwa muda mrefu hapakuwa na pa kuoga popote. Mwaka 1978 maji yalifungwa, baada ya mtoto aliyeogelea kufariki kwa ugonjwa wa ubongo uletwao na amiba. Ikabidi vichimbwe visima vipya virefu vya kuyachukua maji chini kabisa, kabla hayajachafuka, na jengo jipya la kuogea, Thermae Bath Spa, likafunguliwa mwaka 2006 baada ya kuchelewa miaka. Miaka 28 mji uitwao Bafu ukakaa bila bafu.

Mimi niliingia kwa mara ya kwanza na mwenzangu wa depo, Mpolandi, Februari, mchana wa siku ya kazi. Kipindi cha saa 2, zaidi ya pauni 40 kwa kichwa, taulo na joho na ndara wanakupa. Sifa zote ni za bwawa la juu ya paa. Maji hupozwa yakawa nyuzi 33 na nusu hivi, ambayo sisi tungeyaita vuguvugu, lakini kulikuwa na manyunyu yanayokaribia kuwa barafu, na usoni nilikuwa Uingereza huku kuanzia shingo kwenda chini nikiwa Raskazone, ufukweni Tanga. Unaegemea ukingo, unatazama minara ya kanisa na vilima pande zote. Hatukuongea. Yule Mpolandi, ambaye huongea hata na taa za barabarani, alinyamaza dakika 40.

Tahadhari kwa wenzangu Waislamu: wanaume na wanawake huoga pamoja. Kuyasifu maji haya kuna hadithi ya kale ya mwanamfalme Bladud, mwenye ukoma, aliyefukuzwa akawa mchunga nguruwe, nao wakaambukizwa; wakajigaragaza kwenye tope la moto, wakapona, naye akawafuata akapona. Mke wangu alisema haogi na wanaume wasiomhusu hata maji yawe yanaponya ukoma. Sikubishana. Ufumbuzi ulikuja mwaka mmoja baadaye: kando ya jengo kubwa kuna Cross Bath, kijibwawa kilicho wazi juu, juu ya chemchemi yake chenyewe, na kikundi kinaweza kukikodi peke yake. Wanawake wa kazini kwake wakachanga, wakakodi. Alirudi nyumbani usiku huo amelegea kama aliyetoka singo, na hadi leo akitaja Bath anamaanisha pale.

Sasa nyumba, na hapa nitakaa kidogo.

Mji wote umejengwa kwa jiwe moja la chokaa, rangi ya asali, lililochimbwa kwenye vilima vya hapa hapa. Ni mzuri mpaka unaudhi. Tangu 1987 mji mzima ni Urithi wa Dunia, si jengo moja wala mtaa mmoja, na mwaka 2021 ukaingizwa mara ya pili pamoja na miji mingine 10 ya maji ya tiba ya Ulaya. Mimi nilipoona picha ya nyumba ya kwanza tuliyopewa, mlango mrefu, nguzo, jiwe la asali, nilimtumia kila mtu WhatsApp. Ilikuwa ya miaka ya 1790. Sisi tulikodi sehemu ya chini ya barabara, zamani jiko na stoo za watumishi. Pauni 1,150 kwa mwezi, chumba kimoja cha kulala.

Tulihamia Juni. Juni kila nyumba ya Uingereza ni nzuri.

Kufikia Novemba nilikuwa nimeelewa. Madirisha ni yale ya kupandisha na kushusha, mbao na kioo kimoja chembamba, na upepo ulipita kama ndiye mwenye nyumba. Ukuta wa nyuma umeegemea kilima, kwa hiyo unakunywa maji ya udongo mwaka mzima. Kanzu yangu ya Idi, niliyoitundika kabatini Agosti, niliikuta Desemba ina madoa ya kijani kwapani. Nyuma ya kitanda, kuvu nyeusi. Tulifuta kwa dawa, ikarudi, tukafuta, ikarudi. Wakala wa nyumba alituambia tufungue madirisha. Tukamwambia hayajawahi kufungika. Tukawasha hita asubuhi na jioni, na bili ya gesi ya mwezi ule sikuionyesha kwa mke wangu mpaka alipomaliza kula.

Nikauliza kwa nini wasiweke vioo viwili kama watu wengine. Jibu ni kwamba nyumba kama ile imeorodheshwa kisheria kama jengo la kihistoria. Kubadilisha dirisha, mlango, hata vitu vya ndani, kunahitaji kibali maalumu, na kufanya bila kibali ni kosa la jinai. Fundi mzee aliyekuja kutazama ukuta ndiye aliyenifumbua macho. Aligonga kwa kidole, akasikiliza, akasema jiwe hili na chokaa yake vinapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Tatizo ni waliokuja baadaye wakapaka rangi ya plastiki na kukandika saruji, wakaliziba pumzi. Nilijiona niko Unguja. Mafundi wa Mji Mkongwe wanalia hivyo hivyo: ukuta wa mawe na chokaa ukiupaka saruji, unaoza kimyakimya kwa ndani huku nje unang'aa.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Wakati sisi tunalala na soksi, kanisa kuu la mji, Bath Abbey, lilikuwa linatiwa mitambo ya kupasha joto kwa maji ya chemchemi. Maji ya moto yanayotoka kwenye mabafu hupita kwenye mfereji mkuu wa Warumi kwenda mtoni. Wameweka humo vifaa vya kunyonya joto kabla halijapotea. Nimeingia kutazama, ni kweli, sakafu ina joto. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kazi nikitafakari kwamba nyayo zangu zimepata joto kanisani kuliko nyumbani kwangu.

Mwaka wa pili tukahama. Tuko Twerton, magharibi ya mji, nyumba ya baada ya vita, matofali, vioo viwili, ngazi za zege. Hakuna mtalii aliyewahi kuipiga picha. Tunalipa karibu sawa na tuliyokuwa tukilipa, lakini vyumba ni viwili na kanzu ni nyeupe. Kutoka dirisha la jikoni naiona Bath yote imejipanga kilimani, jioni jiwe likipigwa na jua linageuka kama mandazi yaliyoiva. Nimewaambia wengi: mji huu unatazamwa vizuri zaidi kutoka nyumba isiyofanana nao.

Kuhusu gharama sina la kupamba. Nyumba ni ghali, wanafunzi wa vyuo vikuu viwili wanazigombea zile za Oldfield Park, na mshahara wa dereva haujui kwamba Bath ni Urithi wa Dunia. Wenzangu wengi kazini wanaishi miji ya jirani na kuja kila alfajiri. Mkiwa wawili wenye mshahara mtamudu. Peke yako, tafuta chumba cha kuchangia.

Kama dereva, nina ya kusema kuhusu vilima. Mji uko kwenye bakuli. Mto Avon chini, na barabara zinapanda pande zote kama ngazi ya mnazi. Pulteney Bridge, daraja la miaka ya 1770 lenye maduka pande zote mbili, mchana wanaruhusiwa mabasi na teksi, na kila nikilipita na basi langu naona mtu wa kutoka mbali anatafuta mto ulipo, maana ukiwa juu yake huuoni. Unadhani uko mtaani. Tangu Machi 2021 kuna eneo la hewa safi katikati ya mji, ambamo magari yanayochafua hewa hutozwa ada, la kwanza la aina hiyo nje ya London. Magari binafsi hayalipi. Malori na magari ya kazi ya zamani yanalipa. Usitembelee mji Desemba wakati wa soko la Krismasi ukiwa na haraka. Mimi wiki hizo hubeba biskuti kwenye usukani.

Watalii ni wengi, na wengi wanapiga picha wakiwa katikati ya barabara, hasa mbele ya Royal Crescent, zile nyumba 30 zilizojengwa kwa umbo la hilali kati ya 1767 na 1774. Nimezoea. Wao ndio wanaolipa sehemu ya mkate wangu. Na ukienda saa kumi na mbili asubuhi, nyasi za pale ni zako na mbwa wawili watatu.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kuwakuta watu wa kwetu kwenye historia ya mji huu. Septemba 1864, wasafiri wawili wa Kiingereza, Richard Burton na John Hanning Speke, walitakiwa kukutana hapa mbele ya wasomi kubishana kuhusu chanzo cha mto Nile. Speke aliliona Ziwa Victoria mwaka 1858, alipotoka Kazeh, Tabora, na watu wake, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, na akashikilia kwamba ndilo chanzo, Burton akakataa. Siku moja kabla ya mjadala, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda ndege, upande wa kijiji cha Box, kilomita chache tu kutoka hapa. Miaka saba kabla yake wawili hao walipita Tanga na Pangani, wakapanda Usambara mpaka Fuga kwa Mfalme Kimweri. Ugomvi ulioanzia kwenye njia za kwetu ukaja kuishia kwenye njia yangu ya basi. Bombay, aliyekuwepo na aliyejua mengi, hakuna aliyemwalika.

Na upande wa Newbridge kuna Fairfield House, alipokaa Haile Selassie uhamishoni kutoka 1936 hadi 1940, Waitalia walipoitwaa Ethiopia. Mwaka 1958 akaitoa nyumba hiyo kwa mji kwa ajili ya wazee, na mpaka leo wazee, wengi wao wenye asili ya Karibi na Asia, hukutana humo. Nimekunywa chai pale. Nyumba ya mfalme, bustani ya kawaida, na mzee mmoja aliyetaka kujua kama Tanga ni karibu na Addis.

Chakula sitakidanganya: kwa muhogo, unga wa sembe na nyama halali ya kuaminika tunapanda treni kwenda Bristol, Stapleton Road, kwa Wasomali. Mara mbili kwa mwezi, begi la magurudumu.

Mama mkubwa alikuja mwaka jana, wiki tatu. Nilimpeleka kwenye Mabafu ya Kirumi, mwishoni kuna mahali pa kuonja maji yenyewe. Yana uvuguvugu na ladha ya chuma, kama kijiko kilichosahauliwa kwenye chai. Alionja, akaifunika midomo kwa kanga, akauliza kibiriti kiko wapi. Nikamwambia haya hayanuki sana. “Basi hayajaiva,” akasema, na akataka twende tukale. Lakini kwenye lile kabati la risasi alisimama muda mrefu kuliko mimi, akanitaka nimsomee yote yaliyotafsiriwa, moja moja, na kila laana aliitikia kwa kutikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza kesi ya jirani.

Nyota nne kati ya tano. Mkataba wa nyumba ya Twerton tumeuongeza miaka miwili. Mke wangu na wenzake wanakodi tena Cross Bath mwezi ujao, na wamepungukiwa wanawake wawili wa kuchangia.